Mama haachani na hita, nami usingizi umenipaa

Assalaam aleikum Bi. Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 47. Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya familia, pamoja na mume wangu na mamangu mzazi. Mama ana miaka 76. Ana kisukari cha miaka mingi, ana presha, na magoti yamemchosha. Chumba chake kiko ghorofani, upande wa uchochoroni, na hataki kuhama kwa sababu ndicho alichoishi na marehemu baba.

Kila kusi ikianza kuvuma Mama hulalamika baridi. Mwaka huu imezidi. Kakangu mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, na alipokuja alimletea hita ya stima ya mionzi. Ni ya kusimama, ina mirija mitatu ya kioo inayong'aa rangi ya machungwa, kila mmoja wati 400, na kichwa chake kinageuka huku na huku kama feni. Plagi yake ni ya pini tatu za mraba kama zetu, basi tuliichomeka ikawaka, na Mama akaomba dua nyingi siku hiyo.

Sasa hita haizimwi. Huiwasha baada ya sala ya alfajiri, huiwasha magharibi, na usiku mara nyingi nikipanda kumtazama naikuta inawaka naye amelala. Miguu huisogeza karibu kabisa. Soketi ya chumbani iko mbali na kitanda, kwa hiyo tumetumia ekstensheni iliyopita chini ya zulia. Juzi nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikakuta pindo la leso yake limekuwa la kahawia, na plagi ya hita imebadilika rangi pale pini zinapoingia. Nikamtazama miguu: kwenye miundi ana alama kama wavu wa kuvulia samaki, nyekundu zinazoelekea kahawia. Nikamuuliza kama zinauma. Anasema hasikii chochote.

Nimemweleza naogopa moto. Akaniambia, "Mwanangu aliye mbali ameniletea, wewe uliye hapa waninyang'anya." Maneno hayo yameniingia. Kakangu naye nikimpigia ananiambia huko kila nyumba ina hita na hakuna aliyekufa, na kwamba namwonea Mama. Jirani mmoja anasema mionzi ile huleta saratani. Mwingine anasema inamaliza hewa chumbani. Mume wangu ameshauri tutoe fyuzi kwenye plagi kimyakimya, tumwambie imeharibika. Mama mwenyewe ameshasema tukiiondoa atarudia jiko lake la makaa.

Sijawahi kumdanganya mamangu. Lakini kila nikisikia harufu usiku nashtuka. Mtoto wangu mdogo, wa miaka minne, naye hupenda kucheza chumbani kwa nyanya yake. Nitoe hiyo fyuzi? Niinyang'anye waziwazi nibebe lawama? Au mimi ndiye mwoga kupita kiasi?

Binti wa Mji wa Kale


MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa usiku usiolalika. Kwa nilivyokuelewa, unabeba mambo mawili kwa pamoja: unaogopa nyumba kuungua na Mama akiwa ghorofani, na unaogopa kumvunja moyo mzazi au kumwambia uongo katika umri wake huu. Mume wako amelijibu la kwanza, kakako anaona la pili tu, na wewe umebaki katikati. Mwoga si wewe. Plagi iliyobadilika rangi na alama za miguuni ni dalili za kweli. Ila baadhi ya yale unayoambiwa uyaogope si ya kuogopa, na tukiyatoa njiani utaona wazi zaidi palipo na hatari.

Mionzi ya hita hiyo, inayoitwa infraredi, ni joto lile lile unalolihisi usoni ukiwa mbele ya jiko au ukisimama juani. Haina nguvu ya kupasua chembe za mwili kama eksirei. Wala hita ya stima haili hewa, kwa sababu ndani yake hakuna kinachoungua. Kinachokula hewa ni jiko la makaa, nalo hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini katika vyumba vilivyofungwa. Kwa hiyo Mama anaposema atarudia jiko, hilo lichukue kwa uzito. Ukimwondolea hita usiku ukamwacha na makaa mlango umefungwa, umemtoa kwenye hatari moja ukamtia kwenye kubwa zaidi.

Sasa tuanze na plagi, maana ndiyo iliyokwisha kukuonya.

Mirija yote mitatu ikiwaka, hita huchukua wati 1200. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni ampea 5. Kwa soketi nzuri ya ampea 13 huo si mzigo mkubwa, na ndiyo maana kakako hajaona tatizo kwake. Lakini hewa ya bahari yetu ina chumvi. Shaba iliyo ndani ya soketi huota ukungu wa kijani, chuma hushika kutu, na vile vibanio vinavyozikamata pini hulegea kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa. Pini isipobanwa sawasawa, stima hupita kwa taabu, na taabu hiyo hugeuka joto. Ukinzani wa omu 1 tu mahali hapo, kwa ampea 5, huzalisha wati 25 ndani ya nafasi ndogo kuliko kidole gumba. Hilo ni joto la pasi ya fundi redio ya kulehemea risasi, nawe umeiacha ndani ya plastiki saa nzima. Ndiyo rangi ya kahawia uliyoiona, na huenda ndiyo harufu pia.

Watu wengi hutegemea breka ya boksi la stima iwaokoe hapo. Haitaruka. Breka hupima ukubwa wa stima inayopita, na hapa inapita ampea 5 ile ile ya halali. Joto la kwenye pini hailijui. Fyuzi ya plagi ni vivyo hivyo. Soketi inaweza kuyeyuka hadi ukutani na breka iko juu, imetulia.

Liko jambo moja la kulijua mapema, kabla ya fundi yeyote kuja. Joto la pale kwenye pini halipungui sawa na wati, linapungua kwa kasi zaidi. Ukiwasha mrija mmoja badala ya mitatu, stima inakuwa theluthi, na joto la kwenye pini linakuwa sehemu moja ya tisa: zile wati 25 zinabaki chini ya 3. Hilo haliiponyi soketi mbovu, wala plagi iliyokwisha kuungua isitumike tena hata kwa mrija mmoja. Lakini ukishabadilisha plagi na soketi, huo ndio utaratibu wa kushika: mrija mmoja, aghalabu wa chini ulioelekea miguuni. Na tokeni zitadumu. Mirija mitatu kwa saa tano ni yuniti 6. Mmoja kwa muda huo huo ni yuniti 2.

Ekstensheni iondoe chini ya zulia leo, usingoje kesho. Waya uliofunikwa hauna pa kutolea joto, na kila anayeukanyaga anakata nyuzi za shaba za ndani moja moja hadi zibaki chache za kubeba mzigo wote. Zipo ekstensheni zinazouzwa zenye waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, nyingine ndani si shaba bali aluminiamu iliyopakwa shaba. Zinatosha kuchaji simu na kuwasha taa. Dawa ya kweli ni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, avute waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye boksi, aweke soketi mpya karibu na anapokaa Mama, na hita ichomekwe humo moja kwa moja. Katika kuta za matumbawe na chokaa, mwambie apitishe waya kwenye mfereji wa plastiki juu ya ukuta badala ya kuchimba. Chokaa ikichimbwa hubomoka na soketi hulegea baada ya miezi.

Akiwapo, mwombe afanye mambo matatu zaidi. Apime kama soketi za ghorofani zina waya wa ardhi unaofanya kazi, kwani katika nyumba nyingi za zamani pini ya tatu huingia mahali pasipo na chochote. Afunge RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata stima mara inapovuja kupitia mwili wa mtu. Nasisitiza hili kwa sababu Mama huwasha hita baada ya sala ya alfajiri, na huenda anatoka kutawadha akiwa na mikono na miguu mibichi akashika swichi. La tatu, afungue kitako cha hita atazame waya wa ndani. Hita inayogeuza kichwa huupindapinda waya huo kila inapogeuka, na ganda lake huchubuka pale pale kila siku. Kitufe cha kugeuka kizime, kiache kizimwe. Mguu wa mtu mmoja hauhitaji hita inayozunguka.

Soketi mpya nayo uwe unaijaribu. Washa hita nusu saa, izime, chomoa plagi, kisha gusa pini kwa upande wa nyuma wa kidole. Uvuguvugu si neno. Zikikufanya uondoe kidole, kibanio hakibani.

Nije kwenye miguu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotaka haraka zaidi kuliko yote.

Umeniambia Mama hasikii chochote. Kisukari cha muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu polepole kuanzia vidoleni, na mtu wa namna hiyo hana kengele ya kumwambia asogee. Ngozi haihitaji kuguswa na moto ili iungue. Ikikaa kwenye nyuzi 44 kwa saa sita inaungua. Ikikaribia 50, dakika chache zinatosha. Wewe na mimi tungevuta mguu mapema. Yeye anaona raha tu. Alama za wavu kwenye miundi ni ngozi iliyopikwa kidogo kidogo siku baada ya siku, chini ya kiwango cha kutoa malengelenge. Joto likikoma mapema huweza kufifia kwa miezi. Likiendelea kwa miaka rangi hubaki, na kwa nadra ngozi hiyo hugeuka kuwa saratani. Kwa hiyo jirani yako amegusia jambo la kweli ila sababu yake siyo: kinachodhuru ni joto la karibu, la muda mrefu, mahali pale pale.

Na hapa niruhusu nikuulize swali ambalo sioni kwenye barua yako mtu ameliuliza. Je, miguu ya Mama ni baridi kweli? Usiku akisema imeganda, weka kiganja chako kwenye unyayo wake. Ukikuta ni baridi kama asemavyo, huenda damu haifiki vizuri. Ukikuta ina joto la kawaida naye anaapa ni barafu, basi baridi hiyo inatoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe, na hakuna hita itakayoifikia hata aikumbatie. Hiyo ina dawa zake hospitalini. Usiku wa Julai Mombasa joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na upepo wa kusi ukipita uchochoroni ni baridi ya kuhisika kwa mzee. Lakini baridi inayozidi mwaka hadi mwaka kwa mtu wa miaka 76 inaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingoni iliyolegea, au hata dawa ya presha: zipo za kundi la atenolol na propranolol ambazo hufanya mikono na miguu iwe baridi. Asiache dawa yoyote kwa maneno yangu. Mpeleke kliniki ya kisukari na vidonge vyote ndani ya mfuko, daktari aone alama za miundi, aombe vipimo vya damu na vya tezi, na apimwe hisia za nyayo kwa ule uzi mgumu wa gramu 10. Kipimo hicho hakiumi na huchukua dakika chache. Akigusa mahali naye hajui kama ameguswa, utakuwa na la kumwambia Mama, na la kumwambia kakako, ambalo halitoki kwenye woga wako.

Mpaka hapo, kama hita itatumika baada ya plagi na soketi kubadilishwa, miguu ikae mita 1 na nusu kutoka kwenye mirija, na isipungue mita 1. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana: ukitoka nusu mita kwenda mita 1, joto linaloifikia ngozi hupungua sana, pengine hadi robo. Funika miundi kwa soksi ndefu za pamba au suruali nyepesi. Dakika 20, kisha izimwe. Tumia kengele ya simu au ya jikoni, lakini usinunue ile saa ya kuchomeka kwenye soketi inayowasha na kuzima yenyewe. Siku moja itawasha hita iliyofunikwa na nguo na hakuna mtu chumbani. Kila jioni tazama miundi na nyayo zake kwenye mwanga mzuri. Akiwa amepakwa dawa ya kuchua yenye moto, hita isiwashwe kabisa, maana ngozi hupata joto la pande mbili. Akipakwa mafuta mazito ya vaselini kila siku, leso na nguo zilizoloa mafuta hayo zifuliwe kwa maji ya moto mara kwa mara. Nguo hiyo hata ikikauka huwaka upesi kuliko nguo tupu.

Nguo ndiyo inayowasha nyumba. Mrija unaong'aa una joto la kupita nyuzi elfu moja ndani yake, na kitambaa kikilala juu ya kizuizi cha mbele hakihitaji muda. Pindo la leso limekuonyesha umbali ulivyo sasa. Chandarua kinanitia hofu zaidi, maana vingi ni vya polista au polithini: hujikunja, huyeyuka, kisha hudondosha matone ya moto juu ya godoro. Kama Mama analala ndani ya chandarua na hita iko kando ya kitanda, upepo mmoja wa dirishani unatosha. Msala, mkeka wa miaa, buibui lililoanikwa kwenye kiti likauke, vyote viwe mita 1 kutoka mbele na pembeni. Dawa ya mbu ya kopo isipulizwe hita ikiwa inawaka. Na hita isisimame juu ya zulia wala stuli, bali sakafuni pagumu, palipo sawa; sakafu za ghorofa za boriti mara nyingi zimeinama, kwa hiyo ijaribu kwa kuisukuma kidogo. Kisha ishike mpini uinamishe ikiwa inawaka: lazima izime pale pale. Chini ya kitako kuna kitufe kinachofanya kazi hiyo, na kuna watu hukibana kwa utepe wa gundi kwa sababu kwenye zulia hita hukataa kuwaka. Tazama kama kuna aliyefanya hivyo.

Liko na la stima kupotea. Hita ikizimika kwa sababu stima imekatika, watu husahau kwamba swichi bado imewashwa. Nguo zinatupwa juu yake, Mama analala, saa nane usiku stima inarudi. Kila stima ikipotea, plagi itoke soketini. Mfundishe na mtoto wa darasa la juu hapo nyumbani, kama yupo. Huyo wa miaka minne asibaki peke yake na hita hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa kizuizi cha mbele hukaa na joto dakika nyingi.

Kulala nayo ikiwaka ni jambo ambalo sioni namna ya kulifanya liwe salama. Wala halimsaidii sana, kwani mionzi hiyo hupasha kilicho mbele yake na si hewa ya chumba. Akijifunika blanketi, ni blanketi linalopata moto. Chupa ya mpira ya maji moto iwekwe kitandani robo saa kabla hajalala, iondolewe yeye akiingia, kwa miguu isiyo na hisia isilaliwe nayo. Soksi, blanketi mbili nyepesi badala ya moja zito, dirisha la upande wa kusi lifungwe jua likizama na kitambaa kizito kitiwe chini ya mlango. Kuta za matumbawe zikishalowa unyevunyevu wa mvua za Mei huwa baridi majuma kadhaa, basi kitanda kisogezwe kidogo mbali na ukuta wa nje.

Sasa hiyo fyuzi. Sitakuambia uitoe, wala sitakuambia usiitoe, ila fikiria itakavyokwenda. Mama hatanyamaza. Atamwita kijana wa mtaani atazame, na huyo atakuta hakuna fyuzi. Akiwa mwaminifu atamwambia, nawe utakuwa umeshikwa. Akiwa mzembe atatia kipande cha waya au karatasi ya sigara ya kung'aa mahali pa fyuzi, na hita itarudi chumbani ikiwa hatari kuliko ilivyoondoka. Faida yake ni kwamba inakupa siku chache za usalama bila ugomvi, na ninaelewa kwa nini mume wako, anayekuona hulali, ameifikiria.

Ukiiondoa waziwazi unabaki na neno lako safi, lakini kuna lile jiko, na kuna jeraha la kusikia kwamba binti amechukua zawadi ya mwanawe. Ukimbadilishia hita ya aina nyingine, kama ile ya chuma yenye mapezi na mafuta ndani, uso wake haung'ai wala hauwashi leso upesi hivyo, na hupasha hewa ya chumba. Lakini nyingi ni za wati 1500, yaani ampea 6 na robo, kwenye soketi ile ile mbovu. Usipoanza na soketi umeongeza tatizo. Zipo pia za mionzi za kufungwa ukutani juu ya kichwa, mita 1.8 kwenda juu kulingana na kijitabu chake. Hizo haziangushwi, mtoto hazifikii, na miguu haiwezi kusogezwa. Kasoro yake ni kwamba hupasha kichwa na mabega zaidi, naye shida yake ni magoti, tena kwenye ukuta wa chokaa zinataka skrubu ndefu na fundi anayejua kuzishikiza. Na kubaki na hii hii kwa masharti kunawezekana, mradi muwe na mtu wa kuyasimamia kila siku. Unajua wewe kama mtu huyo yupo.

Nimejiuliza pia ni nini hasa Mama anakipata pale mbele ya hita. Magoti yanatulia, sina shaka. Lakini aliposema "mwanangu aliye mbali ameniletea" hakuwa anazungumzia baridi. Chumba ni cha marehemu, mtoto yuko ng'ambo, na kitu hicho kinawaka mbele yake kila alfajiri. Ukiingia kwa neno la moto na hatari, anasikia unataka kumwondolea mwanawe. Unaweza kuanza na miguu yake badala ya hita. Kaa chini, mwombe umpake mafuta, mwonyeshe alama kwenye kioo, mwulize lini zilianza. Mwambie, "Mama, nataka daktari azione hizi, na nataka fundi akuwekee soketi yako mwenyewe karibu na kiti." Hapo hujamnyang'anya kitu. Kama anapenda kukandwa kwa maji ya moto, maji uyapime wewe kwa kiwiko, yasimchome asikojua, na dakika hizo ziwe za mazungumzo. Inawezekana dakika 20 za hita zikamtosha akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Inawezekana zisitoshe, nawe ukalazimika kuwa mkali. Wewe ndiye unayemjua.

Kakako usimpigie kumlaumu wala kujitetea. Mpelekee picha tatu: plagi, pindo la leso, na miundi ya Mama. Mkumbushe kwamba kwake soketi haziliwi na chumvi ya bahari, wala hakuna mzee asiye na hisia miguuni anayekaa mbele ya hita. Kisha mpe kazi, maana aliyeleta zawadi ana haki ya kuikamilisha: alipie fundi, soketi, RCD, na king'ora cha moshi cha betri kwa dari ya ghorofani. Na yeye ndiye ampigie Mama kumwambia kwamba hita yake inataka soketi mpya kabla ya kuwashwa tena. Likitoka kwake, Mama atalipokea tofauti na likitoka kwako.

Mguu ukiungua kabla hayo hayajakamilika, hata kidogo, umwagie maji baridi yanayotiririka dakika 20, usipake dawa ya meno wala samli, na umpeleke kliniki siku hiyo hiyo hata kama anasema hasikii maumivu.